Kuhamisha vipaumbele vya VxWorks kwenda FreeRTOS: usigawanye kwa 8

Juzi nilikuwa namsaidia mwenzangu kuhamisha programu ya zamani ya VxWorks iendeshwe kwenye Cortex-M (aina ya vichakataji vidogo) yenye FreeRTOS. Yote miwili ni mifumo endeshi ya muda halisi: programu hugawanywa katika taski, na yenye kipaumbele cha juu hutangulia. Tuliweka tabaka la kuigiza: `taskSpawn`, inayounda taski kwenye VxWorks, inabaki ilivyo kwenye msimbo, chini yake inaitwa `xTaskCreate` ya FreeRTOS. Majina ya vitendakazi yalikaa sawa ndani ya siku moja. Vipaumbele vilitula siku nne.

Hatua ya 1: Geuza ngazi. VxWorks ina ngazi 256, na 0 ndiyo ya juu kabisa. FreeRTOS ni kinyume chake, 0 iko chini kabisa. Ukiacha `configUSE_PORT_OPTIMISED_TASK_SELECTION` (mpangilio wa kuchagua taski kwa haraka) ikiwa 1, ukomo ni ngazi 32. Iache tu, zinatosha.

Hatua ya 2: Tengeneza jedwali. Wengi huandika `31 - p/8`, p ikiwa kipaumbele cha VxWorks, kisha wakaenda kunywa chai. Nasi tulifanya hivyohivyo. Taski ya mota ilikuwa 100, ya kuandika kumbukumbu kwenye kadi 103. Ukigawanya bila desimali, zote zinatoa 12, zote zikatua ngazi ya 19. Sasa intarapti (ishara ya kukatiza) ya enkoda, kihisi cha mzunguko wa mota, ikiamsha taski ya mota wakati mwenzake yuko kwenye kadi, haiwezi kumpokonya kichakataji kwa sababu wako sawa. Inangoja tiki ijayo (mpigo wa saa ya mfumo), na kwa tiki ya 1000 Hz hiyo inaweza kufika karibu milisekunde 1 nzima. Mota ikawa inakwamakwama.

Tafuta kwa `grep` kila `taskSpawn` na `taskPrioritySet`, kusanya namba, ondoa zinazojirudia, kisha zipe ngazi mojamoja kuanzia 30 kushuka. Sisi tulipata namba 11 tu. Jedwali la baiti 256, moja kwa kila ngazi ya VxWorks, nalipenda kuliko fomula yoyote, maana unalikagua kwa macho. Namba isiyomo ipige `configASSERT`, ukaguzi unaosimamisha programu. Usikubali ikadiriwe kimyakimya.

Hatua ya 3: Ngazi ya 31 ni ya taima. Kwenye VxWorks, kitendakazi unachoipa `wdStart` (inayoanzisha taima) huitwa ndani ya intarapti ya saa, hivyo hakuna taski inayokitangulia. Weka `configTIMER_TASK_PRIORITY` iwe 31.

Hatua ya 4: Taski zilizolingana tangu awali. Hapa ndipo siku tatu zilipoishia. VxWorks haizungushi taski za ngazi moja mpaka uite `kernelTimeSlice`. FreeRTOS huzizungusha kila tiki bila kuombwa. Tukaweka `configUSE_TIME_SLICING` kuwa 0, tukadhani tumemaliza. Hitilafu ikarudi, safari hii mara moja kwa saa hivi.

Kumbe kuna jambo la pili. Chukua taski A na B za ngazi moja. Taski ya juu ikimpokonya A, kisha yenyewe ikalala, VxWorks inamrudisha A, kwa kuwa alibaki mbele ya foleni. FreeRTOS inachukua anayefuata kwenye orodha ya ngazi hiyo, yaani B, hata kama A alikatwa katikati ya mstari. Msimbo wetu ulikuwa na bafa moja (eneo la kumbukumbu) inayoguswa na A na B bila kufuli, kwa kutegemea kwamba hawakatizani. Kwenye VxWorks ilikuwa salama kweli.

Kuwatenganisha ngazi hakutibu, kwa sababu sasa mmoja anamkata mwenzake waziwazi. Tuliweka myuteksi, yaani kufuli, kwenye bafa. Kama taski zako zilizolingana hazigusi kitu kimoja, waache pamoja uendelee.

Hatua ya 5: `taskPriorityGet`. Irudishe namba ya VxWorks uliyoihifadhi mwenyewe wakati wa `taskSpawn` au `taskPrioritySet`. Usigeuze jibu la `uxTaskPriorityGet`, kwa maana taski ikiwa imeshika myuteksi, hilo linaweza kuwa kipaumbele cha kuazima kutoka kwa anayeingoja. Msimbo wetu ulikuwa unasoma kipaumbele, unakipandisha, kisha unakirudisha. Siku ukisoma cha kuazima, taski inabaki juu huko moja kwa moja.

`semMCreate` nayo ipeleke kwenye `xSemaphoreCreateRecursiveMutex`, si myuteksi ya kawaida: VxWorks inaruhusu mwenye kufuli kuifunga tena, na myuteksi ya kawaida itamfungia nje yeye mwenyewe.