Kupima thairoidi ya Mfilipino kwa ultrasaundi: usikimbilie ile mipaka ya mililita 18 na 25

Hapa Muscat manesi wengi na madada wa kazi tunaowapima ni Wafilipino, na kila siku swali ni lilelile, hii tezi ya shingoni (thairoidi) ni ya kawaida au imevimba? Mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1. Mlaze chali, mto uwe chini ya mabega sio kichwani, shingo ijiachie nyuma. Probu (kile kifaa cha mkononi cha kupimia) ile bapa, megahezi 10 hivi, jeli usiibanie, na mkono mwepesi kabisa maana ukikandamiza kina kinapungua, yaani wewe mwenyewe ndo umeiminya tezi halafu unaiandikia kuwa ndogo.

Hatua ya 2. Laza probu shingoni. Katikati bomba la hewa, pembeni mabawa mawili ya tezi, nje ya kila bawa karotidi, mshipa mkubwa wa damu, inadunda. Teremka mpaka pale bawa lilipo nene zaidi, mwambie asimeze mate, gandisha, pima upana na kina. Daraja linalounganisha mabawa halihesabiwi kwenye ujazo, pima unene wake peke yake, kawaida ni milimita 3 tu hivi. Halafu kushoto kuna kiduara kinachungulia nyuma ya bawa, kijana mmoja niliyekuwa namfundisha alishakiandika kivimbe, nikamwambia hebu mpe dada maji anywe, tukaona viputo vinapita katikati. Umio huo!

Hatua ya 3, na hapa ndo wengi wanaharibu. Simamisha probu upime urefu. Uso wa probu nyingi ni sentimita 4 hivi, bawa la mtu mzima mara nyingi ni 4 hadi 6, kwahiyo ncha moja inakatika nje ya skrini na mtu anapima mpaka picha ilipoishia. Washa kile kitufe cha kutanua picha, au chukua probu ya tumbo. Bawa la sentimita 4.6 ukiliandika 4.0 umeshapoteza asilimia 13 ya ujazo.

Hatua ya 4, kwa kila bawa zidisha urefu, upana na kina, kisha mara 0.52, upate ujazo. Kulia 4.6 × 1.6 × 1.5 × 0.52 ni kama mililita 5.7, kushoto 4.4 × 1.5 × 1.4 × 0.52 ni 4.8, jumla 10.5. Kulia kuzidi kidogo ni kawaida, usishtuke.

Hatua ya 5. Ile mipaka ya mililita 18 kwa mwanamke na 25 kwa mwanaume ni ya Ulaya, na tezi inafuata mwili wa mtu na iodini anayokula. Nesi wa kilo 46 akitoka na 17, mashine itasema poa, mimi siandiki poa, naandika namba, uzito na urefu wake, nashauri apime TSH, yaani homoni ya kwenye damu inayoonyesha tezi inavyofanya kazi. Muulize pia kama kwao kuna bosyo, ndo wanavyoita goita, hasa aliyekua kabla ya 1995, mwaka Ufilipino ilipopitisha sheria ya chumvi kutiwa iodini.

Na kwenye ripoti taja umezidisha kwa ngapi, maana badala ya 0.52 kuna wanaotumia 0.479 ya Wajerumani ya 1981. Mgonjwa akienda likizo Manila apimwe kwa hiyo, tezi ileile itaonekana imesinyaa asilimia 8 na daktari wa huko ataanza kusifia dawa.