Kufungua mafaili ya kompyuta ya nyumbani ukiwa mbali

Jamani ile kompyuta ya zamani iliyokaa tu kwa nyumba Kampala msiiuze, mafaili yake mnaweza kuyafungua hata mkiwa Gulu. Kama bado ina Windows 7 kopi vitu vyako kwa flashi halafu uitoe hiyo Windows, Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020, weka Debian 12 (mfumo wa Linux wa bure), inakubali hata mashine za biti 32. Ikishaingia fungua terminal (dirisha la kuandika amri) uandike sudo apt install openssh-server, SFTP, yaani njia salama ya kufungua mafaili kwa mtandao, iko tayari.

Kazi iko kwa intaneti, wengi tunatumia laini za simu na hizo mara nyingi hazikupi IP ya umma ya peke yako (adresi ya kukufikia kutoka nje), so kufungua poti 22, mlango wa SFTP, kwa ruta haisaidii kitu. Weka Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa mtandao wa siri, kwa kompyuta na kwa simu, ingia na akaunti moja, utapata adresi inayoanza na 100, hiyo ndo unaweka kwa programu ya mafaili yenye SFTP pamoja na jina na paswedi ya kompyuta. Na tafadhali sana poti 445 ya Samba (programu ya kushea mafaili na Windows) usiiache wazi kwa intaneti, kirusi cha WannaCry cha 2017 kiliingia kompyuta za Windows kwa poti hiyo hiyo!

Zima slipu pia (kompyuta isilale yenyewe), na kama BIOS yako, ile mipangilio ya kabla mfumo haujawaka, ina ile ya kujiwasha umeme ukirudi, iwashe.