Jinsi ya kurudi na picha za kutosha baada ya mahojiano

Juzi nilikaa Kasese, magharibi mwa Uganda, na mwandishi kijana aliyetoka Ziwa Katwe na mahojiano mazuri ya video ya wachimba chumvi, ila hakuwa na picha nyingine za kuweka juu ya maneno yao wakati wa kuhariri. Kila alipokata sentensi, uso wa mzee aliyehojiwa uliruka. Haya ndiyo niliyomweleza.

Hatua ya 1: Ruhusa. Anza kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kisha mwenye kidimbwi cha chumvi. Mhojiwa akubali mbele ya kamera na ataje jina lake.

Hatua ya 2: Kamera. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) sekunde 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukitumia fremu 30 na shata 1/60 taa za ndani zinaweza kupepesa kwenye picha. Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja hula takriban gigabaiti 45, kwa hiyo beba kadi ya akiba.

Hatua ya 3: Sauti. Maiki ya kubana kifuani, na iwe ya waya. Zisizo na waya zinapendwa, lakini betri zake huisha katikati ya jibu lisilorudiwa. Kando ya ziwa ivalishe manyoya ya kuzuia upepo. Hedifoni zisitoke masikioni.

Hatua ya 4: Maswali. Mwombe aanze jibu kwa jambo lenyewe: "Chumvi nilianza kuchimba nikiwa mtoto," badala ya "Tangu utotoni." Sauti yako itakatwa wakati wa kuhariri, kwa hiyo jibu lijitosheleze. Akimaliza, usikimbilie swali lingine. Nyamaza kidogo, mara nyingi lililo zito huja hapo.

Hatua ya 5: Picha za ziada. Hapa usiharakishe hata kidogo. Wakati mzee anazungumza, mwenzako (au wewe mwenyewe, ukiwa peke yako) aandike kila kitu, mahali, kazi na mtu anayetajwa. Orodha hiyo ndiyo itakayokuongoza. Mzee amesema wanaume huingia majini kung'oa chumvi ya mawe kwa vyuma? Chuma kipigwe picha, maji yapigwe, mkono unaoshika chuma upigwe, na uso wa anayevuta.

Kwa kila kazi chukua picha ya mbali, ya kati, ya mikono, ya uso, na ya kile macho yanachokitazama. Shikilia kila moja sekunde 10 bila kusogeza kamera. Kamera inayozungukazunguka humnyima mhariri pa kukata. Fuata kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ikirudiwa yenyewe, hamia upande mwingine. Usimwambie mtu aigize.

Angalia pia majira. Mvua ikinyesha, maji ya vidimbwi huzimuka na kazi hulala. Ukifika Aprili unaweza kukuta watu wameketi. Hapo usilazimishe picha za uvunaji. Piga huko kuketi kwenyewe, kwa sababu nako ni habari, kisha urudi jua likiwaka.

Yaliyopita hayapigiki picha, kwa hiyo omba kuona picha ya zamani, chombo kilichobaki, au mahali lilipotokea jambo. Na tafadhali: mama akisimulia mtoto wake aliyefariki, usiyafunike maneno yake kwa watoto wa jirani wanaocheza. Mwache aonekane yeye.

Kabla ya kumvua maiki, waombe wote wanyamaze, urekodi sekunde 60 za sauti ya mahali penyewe. Bila hiyo, kila palipokatwa patasikika. Ikiwa mvua imeanza kupiga bati, simamisha mahojiano. Ni vigumu kwa programu kuiondoa sauti hiyo vizuri.

Hatua ya 6: Kuhifadhi. Usiku huohuo nakili kila kitu kwenye diski mbili, kila moja ikae mfuko wake. Fungua faili chache uzitazame. Kadi isifutwe mpaka taarifa irushwe.