Jinsi ya kununua basi la shule lililotumika Texas na kulisajili kama gari la makazi

Mwongozo huu unamlenga msomaji anayeishi Texas, awe Houston, Dallas, Fort Worth au Austin, ambaye anataka kununua basi la shule lililokwisha kutumika, kuligeuza kuwa gari la makazi lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, na kulisajili kihalali. Wengi wetu huanza na injini na kumalizia na karatasi, na mimi nilifanya hivyo hivyo mara ya kwanza. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake, kwa kuwa uzito ulioandikwa kwenye kibati cha basi na masharti ya kampuni ya bima ndivyo vinavyoamua ni basi lipi unaloweza kulimiliki bila usumbufu, hata kabla hujafungua boneti.

Kabla ya kutoa dau

Amua kwanza kuhusu uzito. Kila basi lina kibati cha mtengenezaji karibu na kiti cha dereva, na juu yake umeandikwa uzito wa juu kabisa ambao gari hilo limeruhusiwa kufikia pamoja na mzigo wake. Uzito huo ukizidi pauni 26,000, yaani takriban kilo 11,790, leseni ya kawaida ya Daraja C haitoshi. Kwa gari la makazi la matumizi binafsi Texas haidai leseni ya kibiashara, lakini inadai leseni ya Daraja B isiyo ya kibiashara, ambayo hutolewa na Idara ya Usalama wa Umma baada ya mtihani wa maandishi na mtihani wa barabarani. Kwa familia ya watu wanne naona basi la wastani, lisilovuka kiwango hicho, linatosha kabisa, na linamruhusu mwenzi wako naye kushika usukani bila kutafuta leseni nyingine.

Hatua inayofuata ni kupiga simu kwenye kampuni za bima, na hapa naomba usiharakishe. Kampuni nyingi hukataa mabasi yaliyogeuzwa, nyingine hukubali pale tu ambapo hati ya umiliki imekwisha kuandikwa kuwa ni gari la makazi, na chache hukubali gari likiwa bado linatengenezwa ilimradi upeleke picha na risiti za kila hatua. Uliza pia kama wanakubali jiko la kuni, kwa kuwa wapo wanaolikataa moja kwa moja. Majibu yote yaombe kwa maandishi.

Kutafuta basi

Wilaya za shule huuza mabasi yao ya zamani kwa mnada wa mtandaoni, hasa kupitia tovuti za GovDeals na Public Surplus. Basi huuzwa kama lilivyo, bila dhamana, kwa hiyo soma masharti ya kila mnada hadi mwisho. Angalia ada ya mnunuzi inayoongezwa juu ya dau lako, siku ulizopewa za kulipa na siku za kuliondoa basi uwanjani. Kama ada ni asilimia 10, basi ulilolipata kwa dola 5,000 tayari limefika dola 5,500, na bado hujalipa kodi ya mauzo ya Texas ambayo ni asilimia 6.25. Kwa bei ya dola 5,000 peke yake, kodi hiyo ni dola 312.50.

Omba siku ya ukaguzi, na uende wewe mwenyewe pamoja na fundi wa magari ya dizeli. Basi lililofanya kazi katika majimbo ya kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huliwa na kutu kutoka chini, na kutu ya chasi ndiyo kasoro ninayoiogopa kuliko zote, kwa maana injini hubadilishwa lakini chasi iliyooza haina tiba ya bei nafuu. Ingia uvunguni na tochi na nyundo ndogo. Gonga mihimili ya chasi, mabano yanayoshika bodi na sehemu za nyuma ya magurudumu. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu, na kilichooza hutoa mlio mzito huku magamba yakikudondokea usoni. Ukirudi ndani, kanyaga sakafu polepole kutoka mlangoni hadi nyuma, ukitumia kisigino kando ya miguu ya viti na chini ya madirisha. Chini ya mpira wa sakafu mara nyingi kuna plaiwudi, na maji yanayovuja kwenye madirisha huishia humo. Pahali panapobonyea pana plaiwudi iliyooza, na huenda bati lililo chini yake nalo limetoboka.

Kwa upande wa injini, mafundi wengi wa Marekani huzisifu Cummins yenye lita 5.9 na International DT466, hasa za miaka iliyotangulia vichujio vya moshi vilivyoanza kuwekwa kwenye magari ya mwaka 2007. Omba injini iwe baridi unapofika, ili uione ikiwaka bila kusaidiwa. Ikishapata moto, fungua kifuniko cha kujazia oili; mvuke kidogo ni wa kawaida, lakini moshi unaosukuma kwa nguvu ni dalili ya pistoni na ringi zilizochoka. Kuhusu giaboksi, fahamu kwamba Allison AT545 haina kifunga cha kigeuza nguvu, yaani kile kinachounganisha injini na giaboksi moja kwa moja, kwa hiyo hupata joto sana milimani na hula mafuta zaidi kwenye barabara kuu. Anayepanga kwenda Colorado atafute giaboksi nyingine.

Kama basi lina breki za upepo, jaza mitungi hadi ijae, zima injini, achia breki ya kuegesha gari likiwa limewekewa vigingi, kisha kanyaga pedali ya breki kwa dakika moja. Mshale usishuke zaidi ya 3 kwenye kipimo cha pauni kwa inchi mraba. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya tairi. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi sita za basi ni gharama kubwa, na tairi kuukuu huweza kupasuka hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Mwisho pima urefu wa ndani kutoka sakafuni hadi darini. Mabasi mengi yana inchi 72 au takriban 77, na ukishaweka kihami joto chini na juu utapoteza inchi kadhaa. Mtu mrefu asiache kupima.

Hati ya umiliki

Baada ya kulipa, usiondoke bila hati ya umiliki iliyotiwa saini nyuma na muuzaji, pamoja na hati ya mauzo. Kabla ya kukunja karatasi hizo, soma namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17 kwenye gari lenyewe, ukiilinganisha na hati, herufi moja baada ya nyingine, mtu mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuatisha kwa kidole. Kwenye basi langu la kwanza tarakimu moja ya 3 iliandikwa 8 katika hati. Mimi sikuiona, karani wa kaunti aliiona mara moja, na muuzaji alichukua wiki tano kutafuta hati nyingine, huku basi likikaa katika uwanja niliokuwa nikiulipia kodi.

Ndani ya siku 30 tangu kununua, peleka hati hizo katika ofisi ya kodi ya kaunti yako, pamoja na kitambulisho chako na fomu 130-U iliyojazwa na kutiwa saini na pande zote mbili. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kusajili gari kunahitaji uthibitisho wa bima, na kiwango cha chini Texas ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, dola 60,000 kwa ajali nzima na dola 25,000 kwa mali. Lakini fomu hiyo hiyo ina nafasi ya kuomba umiliki peke yake bila usajili. Ukiijaza, unalipa kodi, jina lako linaandikwa kwenye hati, na basi linaweza kukaa nyumbani likitengenezwa wakati ukiendelea kutafuta bima. Sharti lake ni kwamba haliruhusiwi kuendeshwa barabarani, kwa hiyo panga kulifikisha nyumbani kwa gari la kukokota.

Kuligeuza na kurudi kaunti

Majimbo mengi ya Marekani yanamtaka mmiliki binafsi abadilishe ile rangi ya njano, ambayo imekuwa kiwango cha mabasi ya shule tangu mkutano wa mwaka 1939 jijini New York, afute maandishi ya basi la shule, na aondoe taa nyekundu zinazomweka pamoja na mkono wa ishara ya kusimama. Fanya yote hayo mapema hata kama hujaulizwa, kwa kuwa dereva anayekuona nyuma yako anaweza kusimama akidhani watoto wanashuka.

Katika kanuni za usalama wa magari za serikali kuu, gari la makazi ni lile lenye angalau huduma nne kati ya hizi sita: mahali pa kupikia; jokofu au sanduku la barafu; choo kinachojitegemea; kipasha joto au kiyoyozi; mfumo wa maji ya kunywa wenye bomba na sinki; na umeme wake wa volti 110 hadi 125 au gesi ya propeni. Mimi hushauri watu wakamilishe tano, ili karani au mkaguzi wa bima akiikataa moja, nne zibaki. Ziwe zimefungwa imara, kwa maana jiko la kubebeka lililowekwa mezani halihesabiki. Piga picha kila kimoja, na picha nyingine kabla hujafunika nyaya na mabomba kwa mbao.

Kisha lipime basi likiwa tupu kwenye mizani ya malori na uhifadhi cheti cha uzito. Jaza upya fomu 130-U, safari hii ukichagua marekebisho ya hati kwa sababu ya maelezo ya gari, na uandike aina mpya ya bodi na uzito mpya. Ambatisha hati ya zamani, cheti cha uzito, picha na risiti, na uombe usajili wakati huo huo, ukiwa na kadi ya bima mkononi. Ukaguzi wa usalama kwa magari yasiyo ya kibiashara uliondolewa Texas kuanzia tarehe 1 Januari 2025, kwa hiyo hutadaiwa cheti chake. Hati mpya ikifika kwa posta, soma tena zile tarakimu 17 kabla ya kuituma nakala yake kwa kampuni ya bima.