Una kisukari na umeandikiwa sindano ya steroidi jichoni? Soma kwanza

Kisukari kikifanya majimaji yajae kwenye makula, sehemu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) tunayoitumia kusomea na kutambua sura, daktari anaweza kukuchoma triamsinoloni, steroidi ya kupunguza uvimbe, ndani ya jicho, kwa kawaida miligramu 4. Uvimbe hupungua kwa miezi kadhaa. Tatizo ni kwamba dawa hiyo hiyo hulegeza kinga pale jichoni, na virusi vilivyolala mwilini tangu utotoni, kama sitomegalovirusi au vile vya tetekuwanga, vinaweza kuamka na kula retina. Hutokea kwa nadra, ila kisukari nacho hupunguza kinga.

Kwa hiyo mwambie daktari kama umewahi kuugua mkanda wa jeshi, unaoletwa na virusi vile vile vya tetekuwanga, hasa usoni, au malengelenge ya jicho, na kama unameza dawa za kushusha kinga. Taja pia hali yako ya VVU. Najua wengi hunyamaza hapo, wakijiuliza VVU na jicho vinahusianaje. Kabla ya ARV, sitomegalovirusi ndivyo vilivyopofusha wagonjwa wengi wa UKIMWI. Hujapima siku nyingi? Pima kwanza. Uliza pia kama bevasizumabu, sindano nyingine ya jicho, inakufaa badala yake, kwa kuwa si steroidi. Mwenye glaukoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa kuona, aseme mapema, maana steroidi hupandisha presha ya jicho.

Siku za mwanzo utaona vidoti vyeusi vikielea: mara nyingi ni dawa yenyewe, itayeyuka. Maumivu, wekundu na kuona kufifia katika siku hizo zinaweza kuwa dalili za maambukizi ya bakteria. Rudi hospitali saa hiyo hiyo. Virusi havina haraka wala kelele. Huja baada ya wiki au miezi, pengine bila maumivu yoyote: vidoti vipya, ukungu, au kipande cha picha kukosekana pembeni. Jicho zima huficha makosa ya mwenzake, kwa hiyo kila asubuhi funika moja, tazama kalenda ukutani, kisha badilisha.

Ukiona tofauti, nenda siku hiyo, uombe mboni ipanuliwe na retina itazamwe hadi kingoni. Dawa zipo, gansikloviri au asikloviri kutegemea kirusi, lakini sehemu ya retina iliyokwisha kufa hairudi. Andika kwenye kadi jina la dawa uliyochomwa, tarehe na jicho lipi. Usikubali matone ya "aleji" kutoka duka la dawa kabla mtu hajaisoma kadi hiyo. Baadhi yana steroidi ndani.