Ununue nje au utengeneze mwenyewe? Pitia hatua hizi kabla ya kusaini

Juzi nilikaa na mwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya nywele. Alitaka kujua kama chupa zake azitengeneze mwenyewe au aendelee kuzinunua. Tulikwenda hivi.

Hatua ya 1. Orodhesha kila unachonunua nje na kila unachojitengenezea. Tumia karatasi. Jedwali la kompyuta hukuvuta kwenye bei kabla hujajua unachohitaji.

Hatua ya 2. Weka gharama kamili. Ankara ni mwanzo tu. Mchumi Ronald Coase alionyesha tangu 1937 kwamba kutumia soko kwenyewe kuna gharama: kumtafuta muuzaji, kupatana, kuandika mkataba, kukagua mzigo. Kujitengenezea nako kunadai fundi, msimamizi, na mashine inayolala siku zisizo na oda.

Hatua ya 3. Jiulize: muuzaji akigoma kesho, nitakipata kwingine? Hapa usiende mbio.

Vifuniko vya kawaida vinauzwa na kila mtu, nunua, endelea. Chupa yenye umbo lako peke yako ni habari nyingine, maana inadai kalibu ya chuma, yaani kile kinachoipa chupa umbo lake, isiyomfaa mteja mwingine. Kabla haijachongwa una wauzaji wengi wanaokugombea; ikishachongwa umebaki na mmoja. Oliver Williamson, aliyepata Nobel ya uchumi 2009, aliuchambua sana mgeuko huo. Mimi ulinikuta. Tulimlipa muuzaji achonge kalibu, mwaka wa pili akapandisha bei. Mkataba wetu ulitaja bei, idadi na tarehe, lakini kuhusu kalibu ni ya nani, hata neno moja. Tukalipa.

Basi kalibu iwe mali yako hata ikikaa kiwandani kwake. Jina lako na namba vichongwe kwenye chuma chenyewe, piga picha, iambatishe kwenye mkataba. Dai michoro pia. Hakikisha mapema kwamba kalibu inaingia kwenye mashine za kiwanda kingine. Isiyoingia popote ni chuma chakavu. Andika nani anaikarabati, na utakabidhiwa ndani ya siku ngapi ukiitaka. Wapo watakaokushauri ununue mashine nzima. Kwa kiwanda kidogo napinga, ila kama chupa zako zitaishughulisha mwaka mzima.

Lakini muuzaji naye akiweka mtaji wake kwa ajili yako, anaogopa utamkimbia. Mpe mkataba mrefu. Mchumi Paul Joskow, katika utafiti wake wa 1987 kuhusu makaa ya mawe Marekani, alikuta mitambo ya umeme iliyojengwa mlangoni mwa mgodi ina mikataba mirefu kuliko mingine.

Hatua ya 4. Hakuna mkataba unaotaja kila kitu. Andika nani ana neno la mwisho kwa yasiyotajwa.

Hatua ya 5. Saini.

Yule wa mafuta ya nywele ataendelea kununua chupa. Kalibu inachongwa na fundi mwingine kabisa, si muuzaji wa chupa, na risiti ina jina la mwenye kiwanda.