Gulio la Pikipiki za Kale: Namna ya Kuuza, Kununua na Kuulinda Uwanja

Juzi kijana mmoja wa Busia, aliyerithi BSA Bantam, pikipiki ndogo ya Uingereza, ya marehemu babu yake, aliniletea maswali mengi kuhusu gulio letu la pikipiki za kale hapa Jinja, Uganda: alete nini, afike saa ngapi, na kwa nini kila tangi linafunuliwa langoni kabla mwenyewe hajaruhusiwa kuingia. Nilipomaliza kumjibu niliona ni heri niyaandike yote, kwa kuwa ndiyo maswali ninayoulizwa kila tunapotangaza tarehe. Mimi ni fundi wa pikipiki, na usalama wa uwanja umekuwa jukumu langu kwa miaka kadhaa.

Katika kuamua ipi ni ya kale tunafuata kipimo cha Antique Motorcycle Club of America, chama kilichoanzishwa mwaka 1954, ambacho huhesabu pikipiki iliyotimiza miaka 35. Kwa kipimo hicho, Bantam zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948 zimo, na Honda CG125 za mwanzo, za mwaka 1976, nazo zimo. Boxer ya bodaboda ibaki nje ya lango, hata ikiwa imechakaa kiasi gani.

Hatua ya 1: Tarehe na uwanja

Chagua Januari, Februari, Juni au Julai, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hulainisha ardhi kiasi kwamba stendi haishiki. Mwandikie barua mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kituo cha polisi, ubaki na nakala zilizogongwa muhuri. Siku moja kabla, utembee uwanja wote kwa miguu ukitafuta mashimo, visiki na vigingi vya kufungia ng'ombe, na uangalie mteremko unaelekea wapi. Ngurumo ikisikika, watu wote waingie ndani ya jengo au ndani ya gari lililofungwa, wala si chini ya mwembe, na wasirudi kabla ya nusu saa kupita tangu ngurumo ya mwisho.

Hatua ya 2: Vitu vya kubeba

Beba turubai, glovu, tochi, sumaku na vipande vya ubao. Ukiwa na pikipiki ya Uingereza ya miaka ya 1950 au 1960, beba spana za Whitworth, kipimo cha zamani cha Uingereza, kwa maana spana za milimita hutafuna pembe za nati hizo, na nati iliyotafunwa hushusha bei ya kitu kizuri. Breki za zamani zina asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usizipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Zifute kwa kitambaa kilicholowa, kisha ukifunge kitambaa hicho ndani ya mfuko.

Hatua ya 3: Petroli

Hapa nitakaa muda mrefu, na ninakuomba usiruke mstari hata mmoja. Pikipiki yoyote ya kuuzwa ifike langoni tangi likiwa tupu, kabureta ikiwa imemwagwa na koki ikiwa imefungwa, na kazi hiyo ifanyike nyumbani, mahali pa wazi penye hewa.

Kanuni hiyo tuliipata siku moja iliyotugharimu karibu saa sita. Mwuzaji mmoja alileta pikipiki iliyokuwa imekaa stoo miaka mingi. Ndani ya koki nyingi za pikipiki za Uingereza mna kipande cha kizibo kama kile cha chupa ya mvinyo, ambacho kikikaa bila mafuta hukauka, husinyaa na kuanza kupitisha. Boya la kabureta yake nalo lilikuwa limenaswa na utando wa petroli ya zamani. Asubuhi alitia lita tatu ili wateja waisikie injini, akaifunga koki na kwenda kunywa chai. Petroli ikadondoka tone kwa tone kwenye majani mabichi, ambako haionekani.

Mimi niliipata harufu nikiwa upande wa chini, karibu na mama aliyekuwa akichoma muchomo kwenye sigiri. Nilipiga magoti nikainusa ardhi, nikapanda mteremko nikinusa kila baada ya hatua mbili tatu, na harufu ikazidi hadi nikafika chini ya ile injini, ambapo majani yalikuwa yamelala na kung'aa kama yaliyopakwa mafuta ya kupikia. Kutoka pale hadi kwenye mkaa nilihesabu hatua kumi na nane. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi kama moshi, bali hutambaa chini, hufuata mteremko na mitaro kama maji, na ukikutana na kaa la moto, mwali hurudi mbio ulikotoka mvuke, mpaka kwenye tangi.

Nilipoyaeleza hayo, yule mama aliinua sigiri yake akaenda nayo upande wa pili kabla sijamaliza kusema. Kosa lililofuata lilikuwa langu: niliita maji. Vijana walimwaga madumu mawili kabla sijatambua kwamba petroli huelea juu ya maji, na maji yale yakaibeba mpaka safu ya tatu. Kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu saa kumi jioni tulikuwa tukisukuma pikipiki kwa mikono bila kuwasha hata moja, tukimwaga mchanga, na kuchimba udongo ulionyonya petroli. "Mzee, si imekwisha kunyweka ardhini?" kijana mmoja aliniuliza. Ilikuwa imenyweka, lakini udongo uliendelea kuitoa harufu kila jua lilipoupiga, na ndiyo sababu ulipaswa kuondolewa. Nyama ya yule mama tuliilipa yote kutoka mfuko wa chama, na hilo lilikuwa haki yake.

Tangu siku hiyo tunashika mambo yafuatayo. Petroli ya kuonyeshea injini hukaa mahali pamoja tu, ndani ya jerikeni ya chuma yenye kifuniko cha kukaza, na chupa za maji ya kunywa hazitumiki kabisa, kwa sababu mtoto mwenye kiu haulizi. Jerikeni inapojazwa kituoni huwekwa chini sakafuni, si juu ya pikapu, ili umeme unaotokana na msuguano usirukie mdomo wake. Sigiri, jenereta na wavutaji sigara hukaa upande wa juu wa mteremko, angalau hatua hamsini kutoka safu ya kwanza. Upepo nao uangaliwe mara mbili: mchana hewa ya ziwani huanza kuvuma, hivyo mpangilio uliokuwa salama saa mbili asubuhi unaweza kuwa wa hatari saa nane. Asubuhi ya baridi isikudanganye pia, kwa kuwa petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi inayogandisha maji.

Tangi tupu nalo si salama kwa sababu ni tupu. Mvuke uliobaki ndani ukichanganyika na hewa unaweza kulipuka, na ndiyo maana baada ya kulimwaga ninataka lilale nje usiku mzima, kifuniko kikiwa wazi, mbali na moto. Kuchomelea tangi uwanjani ni marufuku, hata kama fundi anaapa kwamba amelijaza maji.

Kuhusu kuzima moto, ninachokiamini ni mtungi wa unga mkavu wa kilo 6, mmoja kwa kila safu, pamoja na ndoo mbili za mchanga. Mitungi ya gesi ya kaboni inafaa ofisini. Uwanjani upepo huipeperusha gesi hiyo. Hakikisha mshale wa geji umo kwenye kijani na pini haijang'oka. Unga huisha kabla ya nusu dakika, kwa hiyo usiupoteze juu ya miali: simama upepo ukiwa mgongoni, lenga kitako cha moto, na ufagie kulia na kushoto. Namba za dharura, 999 na 112, tunaziandika kwa rangi kwenye ubao wa lango.

Hatua ya 4: Safu na stendi

Njia kati ya safu iwe na upana wa mita nne ili pikapu ipite, na magari yazunguke upande mmoja tu. Ikifika saa tatu asubuhi, hakuna gari linalosogea mpaka gulio limalizike. Chini ya kila stendi weka kipande cha ubao, kwa sababu chuma chembamba huzama polepole jua linapopanda, na pikipiki ya mwisho ikianguka huangusha jirani zake zote. Acha nafasi ya mkono mzima kati ya moja na nyingine.

Hatua ya 5: Kuwasha injini

Injini iwashwe kwenye sehemu iliyozungushiwa kamba, gurudumu la mbele likielekea ukutani au kwenye rundo la mchanga. Kabla ya kupiga kiki, vuta mafuta mpaka mwisho kisha uachie: usikie kipande cha ndani ya kabureta kikirudi chini kwa mlio mkavu. Kisiporudi, usiwashe. Pikipiki nyingi za magneto, kifaa kinachotoa cheche bila betri, hazina ufunguo, na mwenyewe akufundishe mapema anavyoizima, kwa sababu koki ikifungwa injini huendelea kunguruma mpaka kabureta ikauke.

Hatua ya 6: Kununua

Soma namba ya injini kwenye kasha lake na namba ya fremu penye shingo ya usukani, herufi kwa herufi, ukizilinganisha na logibuku, yaani kitabu cha usajili. Namba zilizosuguliwa au zilizopinda mstari zinatosha kukufanya uondoke. Makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi, pamoja na nakala za vitambulisho vya taifa vya pande zote mbili, na fedha zitoke baada ya sahihi.

Hatua ya 7: Kufunga uwanja

Safu zikiisha kuondoka, watu wanne wanyooke mstari mmoja na kupita uwanja wote wakiburuta sumaku zilizofungwa kwenye fimbo. Gulio lililopita tulijaza kopo la maziwa la nusu kilo kwa skrubu, spoku na vipande vya waya, na Jumatatu watoto wa shule hucheza mpira pale wakiwa pekupeku.